Karatasi Juu ya Skrini ya Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha Kati cha Polisi, chumba namba 6
Siku ya kuandikwa: tarehe 16 mwezi wa saba, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi
Shahidi: Mama Waya (ndivyo anavyofahamika kazini na nyumbani, kitambulisho kimekaguliwa)
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa kompyuta na kamera za ulinzi
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimejibu kwamba nimekuja hapa kwa sababu uongo umeshasemwa, na sehemu yake niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa mbili asubuhi, niliitwa na mwenye kiwanda cha unga, ambaye sote tunamwita Bosi. Kompyuta ya chumba cha ulinzi ilikuwa imeungua. Badala yake Bosi alileta laptop mpya, nyembamba kama sahani, yenye tundu moja tu la kutolea picha. Kiwanda kina kamera tatu: ukumbi wa mashine, lango la mbele na mlango wa nyuma. Ukumbi wa mashine ulionekana kwenye kioo cha laptop yenyewe. Lango na mlango vilitakiwa kuonekana kwenye skrini mbili kubwa zilizofungwa ukutani.

Nilimweleza Bosi kwamba kwa tundu lile na spilita aliyoinunua, haitawezekana. Spilita inachukua picha moja na kuipeleka kwenye skrini mbili. Haizai picha ya pili. Kuna kifaa kingine cha kuunganishia kinachoweza kutoa picha mbili tofauti kwenye tundu hilohilo, na nilimtajia. Akasema hicho kitasubiri, kwani mkaguzi wa bima anakuja Ijumaa. Maneno yake nayakumbuka: "Mkaguzi anahesabu skrini, Mama Waya. Hahesabu picha."

Nilifunga spilita. Skrini zote mbili zikaonyesha lango la mbele. Bosi akaniagiza niandike karatasi mbili. Nikaandika kwa kalamu nene nyekundu, LANGO LA MBELE nikaibandika juu ya skrini ya kushoto, MLANGO WA NYUMA nikaibandika juu ya skrini ya kulia. Chumba kile kina dirisha la kioo linalotazama njia ya wafanyakazi. Kila anayekwenda kubadili nguo hupita pale na kuzisoma.

Mlinzi wa mchana anaitwa Redio kwa sababu mdomo wake hauzimwi. Alitazama skrini akaniambia, "Hongera, Mama Waya, umejifungua mapacha." Nilicheka. Nikamwonyesha kitufe cha kubadilisha picha, kwamba akikibonyeza zote mbili zitaonyesha nyuma, na akikibonyeza tena zitarudi mbele. Bosi alikuwepo. Alimwagiza kwamba siku za kupokea mizigo asikiguse kitufe hicho, macho yote yabaki langoni.

Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 13, Redio alinipigia simu mara tatu. Alisema wafanyakazi wanamwamini kwa jambo asiloweza kulifanya na kwamba anaona haya kukaa mle ndani. Mara ya tatu hakutania hata kidogo. Kwa hiyo niliazima kwa mteja wangu mmoja kile kifaa cha kuunganishia, nikapanga kumwonyesha Bosi kwa macho yake. Ni cheusi, ukubwa wa sabuni ya kufulia. Chini yake mteja amekwaruza namba 31 kwa msumari.

Mnamo tarehe 14, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, niliingia chumba cha ulinzi nikiwa na kifaa hicho mkobani. Redio alikuwa peke yake. Ilikuwa siku ya mizigo, lori lilikuwa linarudi nyuma langoni, na lilionekana kwenye skrini zote mbili. Aliniambia, "Karibu mkunga. Watenganishe hawa."

Sikuwahi kufungua mkoba. Tulisikia mtu akipiga kelele njiani, nikatazama kupitia kioo. Dereva wa foklifti alikuwa amembeba dada yake mdogo mikononi. Dada huyo hupima mifuko ya unga na anaitwa Mizani. Alimlaza juu ya magunia chini ya dirisha. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umepasuka juu ya sikio, na damu ilikuwa imeshikana na unga usoni hata sikuliona jicho lake. Baadaye niliambiwa kwamba watu wawili waliingia kwa mlango wa nyuma kuiba mota, wakakutana naye, wakampiga kwa spana ya magurudumu, na kwamba alilala pale muda mrefu kabla kaka yake hajaenda nyuma kuchukua mbao za kupangia mifuko. Watu hao sikuwaona na siwezi kuwaeleza walivyo.

Saa nne na dakika thelathini na mbili dereva aliingia chumbani akiwa na nondo, kama urefu wa mkono. Ninajua saa kwa sababu imeandikwa kwenye pembe ya skrini na nilikuwa nimeielekea.

Dereva alisema, "Ulikuwa umekaa unamtazama."

Redio alisimama, mikono wazi. Akasema, "Kaka, hiyo si ya nyuma. Zote mbili ni za mbele."

Dereva aliinua macho kwenye karatasi yangu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mlango. Wa. Nyuma. Kisha akasema, "Mimi najua kusoma, Redio."

Pigo la kwanza lilimpata Redio begani, akapiga magoti. La pili lilimpata tayani. Meno mawili yalidondoka juu ya vitufe vya laptop. La tatu lilimpata palepale, na sauti yake haikuwa tena ya chuma na mfupa mgumu. Ilikuwa sauti ya kitu kilichokwisha kuvunjika.

Bosi alifika mlangoni baada ya pigo la pili. Nilimwambia, "Mwambie." Nilimwambia mara mbili. Alitazama karatasi, akatazama laptop, akasema iitwe ambulensi, akaondoka.

Nondo ilipoinuliwa mara ya nne niliweka mkono wangu wa kulia kati. Ulivunjika kwenye kifundo. Nikasema, "Hiyo karatasi niliandika mimi. Ni ya uongo. Tazama lori."

Dereva alitazama skrini ya kushoto, kisha ya kulia. Lori moja, tairi zilezile, mtu yuleyule wa shati la njano akipunga mkono kumwelekeza dereva wa lori. Nondo ilimtoka mkononi. Alikaa sakafuni kando ya Redio, akamwinua kichwa ili damu isimsonge. Akaniuliza, "Kwa hiyo nani alikuwa anamtazama?"



Afande anayeniandikia amesema nieleze niliyoyaona tu. Nimemwomba aandike na hili, na sitatia alama mpaka liandikwe. Mlango usiotazamwa, mtu huupita kwa tahadhari, hugeuka, humwita mwenzake. Mizani alikwenda peke yake kwa sababu kila asubuhi alisoma kwenye kioo kwamba anaonekana. Karatasi ile haikuwa pambo. Ilimwondolea hofu ambayo ingemlinda.

Siku hiyohiyo, saa nane na nusu mchana, nikiwa hospitali nafungwa plasta, Bosi alinipigia simu. Mkoba wangu ulikuwa umebaki kiwandani. Aliniuliza kama kifaa cheusi kilichomo ndicho kile nilichomweleza. Nilikuwa na maumivu, nikasema ndiyo. Akakata.

Jana tarehe 15 nilisikia kwamba Redio amefungwa pingu kitandani, kwamba polisi walipiga picha chumba cha ulinzi na kukuta skrini mbili zenye picha mbili tofauti, na kwamba Bosi amesema mlinzi aliona kila kitu akanyamaza kwa sababu alikula njama na wezi. Redio hawezi kujitetea. Taya yake imefungwa kwa waya.

Nendeni mkageuze kifaa kilichochomekwa sasa, mtaona namba 31. Kisha fungueni kumbukumbu za laptop. Kifaa cha aina hiyo kikichomekwa, laptop huandika siku na saa ya mara ya kwanza. Spilita haiandikwi, lakini hicho kitakuwa kimeandikwa. Mwandiko wa karatasi mlinganishe na fomu zangu za kazi. Mimi ndiye niliyeandika, na kama kuna shtaka kwa hilo, niandikieni.

Nimesomewa yote haya nikayasikia. Hakuna nililoongezewa wala nililopunguziwa, na ninayasimamia popote nitakapoitwa.

Alama ya shahidi: dole gumba la kushoto. Mkono wa kulia una plasta.

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya na kuyasoma mbele ya shahidi. Saa tano na nusu asubuhi nilifika kiwandani na fundi wa kituo. Kifaa kilichochomekwa kina namba 31 chini yake, imekwaruzwa. Kumbukumbu za laptop zinaonyesha kilichomekwa kwa mara ya kwanza tarehe 14, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Kifaa, laptop na karatasi mbili zimechukuliwa kama vielelezo. Mwenye kiwanda yuko kituoni kwa mahojiano.

Saa saba na dakika tano mchana nilifika hospitali, nikaamuru mlinzi aondolewe pingu. Kwa ishara aliomba kalamu. Aliandika: Mizani yu hai?

Nimemjibu kwamba yu hai.