Kamba Niliyoamuru Ivutwe

Jumapili. Mvua imekatika asubuhi, jua limewaka, na mimi sikwenda kanisani. Niliogopa kupongezwa.

Tangu Jumanne watu wa hapa kijijini, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, wananisimamisha njiani. "Mwalimu, umemwokoa Mama Kulwa!" Natabasamu. Nasema tumshukuru Mungu.

Leo naandika ukweli.

Jumanne alasiri, nikitoka shuleni, nilikuta kelele kwenye bwawa la marudio, ule mchanga laini unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa dhahabu. Mama Kulwa, jirani yangu, alikatiza juu yake akidhani umekauka. Akazama hadi kiunoni. Mumewe na wanaume wanne walikuwa wameshampitisha kamba kwapani, wanabishana.

Nikashika usukani. Mwalimu akisema, watu wanatii.

"Vuteni! Kwa nguvu, wote pamoja!"

Kila tulipovuta, tope lilimbana kama saruji. Baba Kulwa akapiga kelele, "Ngojeni! Polepole, tope linamshika!"

Nikamjibu mbele ya watu: "Nyamaza! Unataka mkeo afe?"

Tukavuta tena. Alitoa ukelele ambao bado nausikia nikisahihisha madaftari. Akatoka. Nyonga ilikuwa imechomoka.

Na mimi nilijua.

Mwezi uliopita tu niliwaonyesha Kidato cha Pili wanga wa muhogo uliochanganywa na maji kidogo kwenye beseni. Ukizamisha vidole taratibu, vinapita kama kwenye uji. Ukiupiga ngumi, au ukichomoa mkono ghafla, unakuwa mgumu. Niliwaeleza kabisa kwamba hata tope zito linaweza kufanya hivyo. Tungemwagia maji kuzunguka miguu, yeye akaichezesha kidogo kidogo, huenda angetoka mzima.

Nilichanganyikiwa, sawa. Lakini kumnyamazisha mtu aliyekuwa anasema kweli, tena kuhusu mke wake? Hicho ni kiburi.

Mchana huu nimekwenda hospitali. Mama Kulwa amelala chali, mguu umefungwa, uzito wa kuuvuta unaning'inia. "Wabeja, mwalimu," akaanza kunishukuru. Nikamkatiza. Nikamweleza yote huku nalia, mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala msamaha.

"Baba Kulwa umemwambia?"

"Bado."

"Hali chakula yule. Anaamini ni yeye aliyeniumiza, eti alilegeza kamba wenzake wakivuta."

Nikaaga. Nimerudi nyumbani, na badala ya kupita kwake nimekaa hapa kuandika, kana kwamba kuandika ni sawa na kusema. Nyumba yake naiona kutoka dirishani. Yuko nje, amekaa kwenye kigoda, peke yake.

Sitasubiri kesho. Navaa viatu.