Kimya Chako Kando ya Trekta

Baba,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua huanza na salamu, ndipo zifuate habari, na kwamba mtoto hamwamkii mkubwa kwa sababu amependezwa naye, bali kwa sababu ni mkubwa wake. Kwa hiyo nakuamkia. Leo sina salamu nyingine.

Mama ni mzima. Mbuzi mweusi amezaa. Mvua zimekatika na upepo wa Katesh umeanza kutuletea vumbi mpaka kwenye sufuria. Kwenye nyumba ya karakana bado tunakaa, meneja wa shamba la ngano amesema tukae hadi nimalize darasa la saba. Ungeuliza hayo kwanza, nami nimeyamaliza. Sasa kuna hili: Bibi mzaa Mama hajakanyaga kwetu tangu siku ya kumaliza msiba wako, na sababu ni wewe.

Nianze na gari, kwa kuwa pale ndipo uliponifundisha.

Unakumbuka lilivyokuwa. Mtaalamu wa kigeni alipomaliza mkataba wake shambani alikuachia, likiwa juu ya mawe nyuma ya karakana, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mafundi wenzako walicheka sana. Walisema gari dogo hivyo lenye kabureta mbili ni kama mtu mfupi mwenye wake wawili, hatapata usingizi. Ukawajibu kwamba shida si wake wawili, shida ni mume asiyesikiliza.

Ukanikatia kipande cha mpira wa maji, mrefu kama mkono wangu. Ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikinguruma polepole. Mafundi wakipita wananiuliza, "Daktari, mgonjwa anapumua?" Nami nawajibu anapumua, ila ana mafua.

Ulinikataza kugusa kabureta kabla ya kukagua plagi na pointi. Ulisema kabureta husingiziwa makosa ya wengine. Baada ya hapo tulilegeza kifito kinachoziunganisha ili kila moja ipumue peke yake. Wewe, kwa mpira wako, ulisikiliza ya mbele, mimi ya nyuma, kisha tukabadilishana. Hewa inavutwa kwa sauti kama ya mtu anayenong'ona bila kumaliza neno. Zisipolingana, unazungusha skrubu kidogo, robo tu, unasikiliza tena. Zikilingana hewa, ndipo unageukia mafuta. Unainua pistoni ndogo ya ndani kwa ncha ya bisibisi, taratibu, kama mtu anayefunua kope za mtoto aliyelala. Injini ikikimbia na kubaki hapo, mafuta yamezidi. Ikitaka kuzima, yamepungua. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, acha, umefika.

Siku moja ulisema ziko sawa, na mimi nilikuwa nasikia ya nyuma inavuta zaidi. Nilisita, kwa sababu mtu hambishii baba yake. Ulinitazama usoni ukazima gari. Ulisema, "Paskalina, ukisikia tofauti, useme. Hata kama anayekosea ni mimi. Ukinyamaza, silinda mbili zitaungua na mbili zitalowa mafuta, na wewe ulisikia."

Nikasema. Ukazungusha skrubu. Gari likatulia, na jioni ile uliwaambia mafundi kwamba una masikio matatu.

Ndiyo maana sikuelewa, Baba. Hata sasa sielewi.

Siku ya kumaliza msiba watu walijaa uani. Ukoo wako walishuka kutoka Mbulu. Ukoo wa Mama walikuja na fimbo na shuka zao, wakakaa upande wa zizi. Unajua pande hizi mbili zinavyokaa. Wanasalimiana vizuri sana, halafu kila mmoja anatazama ng'ombe wake. Lakini siku ile walikuwa wamekula chungu kimoja, na Bibi alikuwa amemshika Mama mkono.

Ndipo Mzee Chande, dereva wa trekta, akasimama kukusifu. Unamjua, mtu wa kusini, hana ubaya na mtu, na mila za huku hazijui. Alisema, "Fundi alikuwa mtu wa kazi, jamani. Tulipokuwa tunafungua lile shamba jipya, trekta ilinizimikia pembeni ya kichuguu kikubwa, kina miti imechomekwa juu. Akaja na baiskeli yake, akaifufua pale pale. Nikamwuliza, fundi, hiki kichuguu nikizunguke au nipite nacho? Akawa anafuta mikono tu. Basi nikapita nacho. Kazi haikusimama."

Watu wa karakana walitikisa vichwa kwa heshima. Upande wa zizi hakuna aliyetikisa kitu.

Mchwa hawachomeki miti, Baba. Ulijua. Lile lilikuwa kaburi la Babu, baba yake Mama, lililojengwa kwa udongo na ukoo mzima, kwa siku nyingi, kwa nyimbo na pombe ya asali, kama wanavyozikwa wazee wa heshima kwao. Sehemu ya asali ile uliitoa wewe, mkwe. Mama alikuwa akinisimulia kwa kujivuna, mtu wa Mbulu kubeba asali hadi uwandani kwa ajili ya mkwewe.

Sisi tuliambiwa kaburi lililimwa na watu wasiojua. Bibi aliwasamehe kwa sababu hawakujua. Miaka yote hiyo alikuwa anakuja kwetu, unampisha kwenye kiti chako, unamwambia shikamoo, naye anakuita mwanangu. Na wewe unaitikia.

Bibi aliachia mkono wa Mama. Akauliza taratibu, kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Alifuta mikono?"

Mzee Chande, ambaye alikuwa bado hajaelewa, akasema, "Ndiyo, Bibi. Kwa kitambaa."

Bibi akachukua fimbo yake. Wote wa upande wa zizi wakainuka nyuma yake, wakaenda, na hakuna aliyeaga.

Nimejaribu kukutetea. Ulikuwa na kazi, na kazi ya shamba haikuwa yako peke yako, ilikuwa ya tumbo langu. Labda uliogopa wangesema fundi huyu yuko upande wa wafugaji. Labda ulikuwa unatafuta maneno, na Mzee Chande akawahi kuingiza gia. Nimekutafutia sababu kama mtu anayetafuta nati iliyoangukia kwenye nyasi, nimepekua kila jani. Lakini ulikuwa na neno moja tu la kusema. Zunguka. Usukani ungegeuka kidogo. Robo tu.

Na baadaye ukanitazama usoni ukaniambia, ukisikia tofauti, useme. Ulikuwa unazungumza na nani siku ile? Na mimi, au na nafsi yako? Hilo ndilo linaloniuma kuliko kaburi.

Mama hajakusema vibaya. Hajakusema kabisa. Alipeleka maziwa kwa Bibi kule Mogitu, yakapokelewa mlangoni, akapewa mbwa. Alirudi akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Mzee Chande alipoelezwa kile kichuguu kilikuwa nini, alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Kisha akaja kwetu. Alisema yeye peke yake ndiye anayeweza kupaonyesha mahali pale, maana sasa uwanda wote ni ngano na makapi ya ngano, hakuna alama. Alitaka kumpeleka Bibi apaone kabla ya msimu wa kulima. Lakini Bibi hawezi tena kutembea mbali hivyo, na kwenye trekta hatapanda, hilo hata kulisema ni aibu. Tukatazama nyuma ya karakana.

Gari lilikuwa limekaa tangu uugue. Lilipowaka lilikohoa na kutoa moshi mweusi. Nilianza na plagi na pointi kama ulivyoniamuru, kisha nikalegeza kifito. Nilihitaji sikio la pili. Mama, ambaye hakuwahi kuligusa gari lile, alivua kanga ya kichwani, akainama, nami nikampa mpira wako.

Alisikiliza muda mrefu, kisha tukabadilishana. Niliogopa atasema ziko sawa ili tumalize. Akasema, "Hii yangu inavuta kuliko yako."

Ilikuwa kweli. Nilizungusha. Akasikiliza tena. Akatikisa kichwa kukataa. Nikazungusha tena, mpaka akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu uondoke, akasema, "Sasa wanapatana."

Tulikwenda Mogitu, Mzee Chande akiendesha. Bibi alikuwa nje anachambua mahindi, hakuinua macho. Mzee Chande alivua kofia, akaamkia, akasema, "Bibi, nilipita mimi. Sikujua, lakini nilipita mimi."

Bibi alimjibu, "Wewe uliuliza. Kaa."

Aliinuka akalizunguka gari letu kwa fimbo yake, likiwa bado linanguruma polepole. Akauliza ni nani aliyelitengeneza likawa na sauti nzuri hivi. Mama akanionyesha mimi. Bibi alinitazama, Baba, jinsi ulivyonitazama wewe siku ile ulipozima gari.

Akasema, "Nitapanda. Lakini huko shambani simtumi huyu mzee wala mama yako. Mtoto wa aliyenyamaza ndiye atakayesema na meneja."

Tunakwenda Jumamosi. Bibi anataka jambo moja tu, kwamba pale paachwe, pasilimwe tena. Sijui meneja atajibu nini. Mama anasema nisitegemee sana. Mimi ninategemea kidogo, nafikiri inaruhusiwa.

Sijakusamehe. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimesikia tofauti. Lakini mpira wako nimeusafisha, nimeutundika kwenye msumari wako, na sitamruhusu mtu aukate kufungia mzigo. Lala huko uliko, Baba. Bibi akikuita mwanangu tena, nitakuja kukuambia mimi mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi nitasikiliza kabureta zote mbili kabla hatujaondoka. Kisha nitasimama mbele ya meneja, nitamwamkia kama ulivyonilea, na nitamwambia: Pale si kichuguu. Pale amelala babu yangu. Zungukeni.

Mikono yangu itakuwa na grisi. Naahidi sitaifuta mpaka nimalize kusema.

Mwanao,
Paskalina