Rangi ya Kucha kwenye Kabureta

Kaka yangu,

Huku wazima. Paka amezaa watatu, na mama amerudia kushona.

Yule fundi uliyetusifia alidai kabureta ya gari la baba imepasuka, eti ameitupa, akafunga nyingine. Tangu hapo gari linakohoa kuliko baba. Lakini mafundi siwaamini, kwa hiyo kabla ya kumpelekea nilitia kila kifaa tone la rangi yangu ya kucha.

Juzi wifi alipita na gari lenu, akaniomba nimwongezee maji kwenye rejeta. Nikafungua boneti, nikaliona tone langu jekundu kwenye kabureta yenu. Sikumwambia kitu, yeye hana kosa.

Jumapili njoo na gari, uliegeshe kando ya la baba. Fundi nimemwalika chakula, utakaa naye. Boneti zote mbili atafungua baba. Kichupa cha rangi nimeshamkabidhi.

Mdogo wako uliyemwona mjinga