Nambari ya Nyumba Yetu ya Kambini

Kizuka, Rumonge
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Revokatus,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo. Mama anatembea tena bila fimbo na anakusalimu mara nyingi. Nimempa karatasi hii Naomie, yule mfanyabiashara wa dagaa, maana simu kwa sasa siiamini.

Unaijua kesi ya shamba la michikichi aliloliacha baba alipokimbilia kambini Tanzania. Baba mdogo Hubert amelilima miaka yote na hataki kutoka. Barazani mwezi uliopita alijibu hoja zangu kabla sijazitoa. Alijua hata kwamba shahidi wetu, mzee Tadeo, amesahau mpaka wa chini, na hilo tulilisema sebuleni kwangu tu, mlango umefungwa.

Nikamwita Jephté, fundi simu wa sokoni, Mkongomani asiyependa maneno mengi. Akaniambia kuna simu ngeni inaingia kwenye Wi-Fi yangu kila jioni, na kwamba kamera uliyoninunulia bado inafunguka kwa neno la siri la kiwandani. Aliyeingia alikuwa anatuona na kutusikia. Nyumba ya Hubert, unajua, imepakana na ua wangu hapa pembeni mwa shamba.

Ukoo ukanijia juu. Wakataka niing'oe kamera, eti mwanamke anayeishi na mama yake ana haja gani na macho ukutani. Sing'oi! Jioni ile nilisimama mbele ya kamera, nikijua Hubert anasikia, nikasema: "Baba mudogo, niko hapa, na mu shamba ya baba sitoki." Ndipo Jephté akabadilisha maneno yote ya siri na kuigeuza kamera ielekee getini. Kesho yake sokoni Hubert alinunua chumvi bila kuniangalia.

Sasa niungame. Nimewaacha watu waseme wewe ndiye uliyeifunga kamera vibaya. Si kweli. Uliweka neno gumu kwenye Wi-Fi, ukaniagiza nibadilishe la kamera. La kamera sikuligusa, na lile gumu nililitoa, nikaweka kijiji na nambari ya nyumba yetu ya kambini. Baba alifia humo, nami nilitaka kuiandika mara kwa mara. Nikasahau kwamba sisi tuliorudi tukikutana tunaulizana kambi, kijiji na nambari hata kabla ya jina. Nimemtajia kila mtu. Domitille, aliyeolewa na Hubert baada ya kurudi, tulikuwa naye kijiji kimoja kambini. Nisamehe, kaka. Nitawaambia ukweli wote wakiwa wamekaa.

Alhamisi tunarudi barazani. Tumempeleka Tadeo shambani kwa miguu yake, na mpaka ameuonyesha mwenyewe.

Ulisikia kwamba maneno yamebadilishwa, ukaniomba neno jipya la siri. Sikupi. Mama naye ameniomba, nimemnyima. Ukija nitaliandika mwenyewe kwenye simu yako, nawe utakuwa umegeukia ukutani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi dada yako, niliye shambani kwa baba,
Agneta