Anatafutwa Mtu wa Kukaa Mudende

Gisenyi, 16 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Uko muzima? Mugongo inaendelea namna gani, na ng'ombe? Sisi hapa tuko wazima. Latif anakusalimia, hata kama najua hupendi salamu yake. Nimekupigia simu mara tisa tangu Jumamosi, hushike. Bon, niandike.

Jumamosi nilikuwa kwa soko ya Mahoko, nanunua karoti za kuvusha mpaka, kuuza Goma. Kwa ukuta ya duka ya Gentil wamebandika ile karatasi ya matangazo ya kiangazi. Kulikuwa mambo yote: mupira ya Mudende na Nyamyumba tarehe sita Julai, chanjo ya ng'ombe, kwaya, sikukuu ya mavuno. Chini kabisa, pale wanaweka mambo ya mashamba, kati ya mutu anauza mbegu ya viazi na mutu amepoteza mbuzi, nikaona jina yako. Illuminée, mwenye tunauza naye, akasoma kwa sauti wanawake wote wasikie:

"Anatafutwa mtu wa kukaa Mudende. Ajue viazi na ng'ombe. Asiwe ndugu yangu. Atakayekaa nami mpaka mwisho wangu nitamwandikia nusu ya shamba. Vénuste."

Asiwe ndugu yangu! Baba, uko na mutoto moja tu, ni mi. Niko umbali ya saa moja kwa moto, pikipiki ya abiria. Wanawake walicheka mpaka Illuminée akashika tumbo. Mi nilisimama pale na mufuko ya karoti kwa kichwa, nikashindwa hata kuitua.

Ondoa hiyo tangazo mbele ya wiki kwisha. Usipoondoa, nitakuja kuichana na mikono yangu.

Ni mi binti yako,
Verediane


Mudende, 21 Juni 2025

Verediane,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Ng'ombe wana maziwa. Salamu za bwana wako zimefika, na ziishie hapo hapo.

Barua yako nimeisikia. Tangazo siliondoi. Wamekwisha kuja watu mara tatu. Wa kwanza alitoka Nyamyumba, mvuvi, akaniuliza viazi hupandwa mwezi gani. Nikamrudisha ziwani. Wa pili walikuwa mtu na mkewe. Kabla ya kunisalimu walipima shamba kwa hatua, nilisikia wakihesabu. Wa tatu ni mwanamke, anaitwa Ingabire. Alisalimu, akaingia zizini, akamtoa ndama mahali penye maji na kumtandikia majani makavu. Hakuuliza shamba lina ukubwa gani. Nikamwambia alete vitu vyake. Sasa anakaa chumba cha nyuma.

Unasema uko umbali wa saa moja. Kwa miaka saba saa hiyo moja imekushinda. Siku tuliyomzika mama yako uliondoka na mumeo kabla wageni hawajanawa mikono. Usinifundishe undugu ni kitu gani.

Ukilichana tangazo, nitabandika lingine kubwa zaidi.

Baba yako,
Vénuste


Gisenyi, 30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini uko muzima, maana hii barua inataka mutu muzima.

Ile barua haiko mwandiko yako. Yako najua: inalala kushoto, na "k" yako ni kama mutu amekunja mguu. Hii ni herufi za duara, safi, kama za binti wa shule. Donc ni huyo Ingabire anakuandikia sasa? Anakaa chumba ya nyuma, anajua siri zetu, na kesho atakaa chumba gani? Mutu anatafuta mufanyakazi, anapata bibi! Sema ukweli, Baba: ulitangaza ndoa kwa ukuta ya soko.

Na wewe Ingabire, kwa sababu najua ni we unamusomea: unasoma vizuri? Soma hii pia. Nimeweka tangazo yangu kwa karatasi ya Julai:

"Shamba ya mzee Vénuste wa Mudende iko na murithi. Mutu aliyeingia pale kwa tangazo atatoka kwa tangazo. Verediane, binti yake."

Nilimwambia Gentil aiweke juu, karibu na habari ya mupira, pale wanaume wanasoma kwanza.

Binti yako, upende usipende,
Verediane


Mudende, 8 Julai 2025

Verediane,

Leo marahaba sikupi. Afya yangu usiiulize.

Jumapili nilikwenda kwenye mpira. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, Gentil alishika kipaza sauti akasoma matangazo: chanjo, mbegu, halafu langu, halafu lako, moja baada ya jingine kama nyimbo za kwaya mbili. Kilima kizima kilicheka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Sasa mzee, nani mchezaji na nani refa?" Ingabire alikuwa ameketi kando yangu. Aliinuka, akaenda nyumbani kwa miguu, analia. Mwanamke yule hajakukosea neno hata moja. Alifiwa na mume, wakwe wakamfukuza, alikuja kutafuta mahali pa kulima. Aliponisomea hayo uliyomwandikia, hakuruka hata mstari.

Mwandiko ni wake, kweli. Macho yangu yameharibika. Mwaka jana niliona kama kuna moshi jikoni. Sasa moshi uko kila mahali.

Kwa kuwa unapenda kujua siri, sikiliza hii. Mwezi wa tatu nilitumbukia kwenye mfereji wa chini ya shamba, mguu ukakwama. Nililala humo tangu nilipomaliza kukamua asubuhi mpaka jua lilipofika utosini. Simu ilikuwa mfukoni. Kitufe cha pili kinakuita wewe, mama yako ndiye aliyekiweka hivyo. Nikabonyeza kwa kupapasa. Ulipokea. Ulisema, "Baba, niko kwa barrière ya mpaka, nitakupigia." Mpaka leo hujapiga.

Aliyenitoa ni jirani, Karenzi. Jioni ile nilimwomba aniandikie tangazo, nikangoja karatasi ya kiangazi itoke. Sasa unajua kwa nini niliandika asiwe ndugu yangu.

Baba yako,
Vénuste


Gisenyi, 13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo, hata kama huitike.

Siku ile naikumbuka. Mustari ya barrière ilikuwa ndefu mpaka kwa barabara, nyanya zilikuwa zinaiva kwa kichwa yangu. Ulisema "Verediane", mara moja, na sauti ya kawaida, kama mutu anaitisha chumvi. Kwa nini hukusema umeanguka? Kwa nini hukulia hata kidogo? Mutu mwenye kukauka vile kwa simu, nani atajua iko ndani ya mufereji? Nilisema nitapiga, nikasahau. Bon. Hiyo ni kosa yangu, naibeba.

Lakini beba na yako. Mama alipozidiwa, barabara ilikuwa imekatika na mvua, na we ulikuwa umeenda kuuza fahali. Ni Latif alimubeba kwa mugongo, kutoka kwako mpaka chini kwenye gari. Mama alikuwa anamuambia pole, pole mwanangu. Wiki iliyofuata kwa kaburi Latif alishika koleo atupe udongo kama wanaume wengine. Ulimunyang'anya mbele ya watu wote. Ulisema udongo ya Consolata haitupwe na mukono ile. Ju ya dini yake, Baba! Ile mukono ndiyo ilimubeba.

Ndiyo sababu tuliondoka bila kula. Ndiyo hiyo myaka yako saba.

Tarehe moja mwezi ya nane nitakuja Mudende kwa Umuganura, sikukuu ya mavuno. Wale walicheka kwa mupira watakuwa pale wote. Wataniona uso.

Binti yako,
Verediane


Gisenyi, 3 Agosti 2025

Baba,

Leo sikuandikie shikamoo, na afya yako sitaki kuijua.

Barua ya Julai hukujibu. Nikasema sawa, atanijibu uso kwa uso. Nilivaa mushanana ya manjano, ile nguo ya sherehe ya Mama, nikapanda moto asubuhi. Watu walikuwa wamejaa kwa uwanja, watoto wanapewa maziwa. Wakaita wazee watoe mavuno kwa watu wa nyumba zao. Wakaita Vénuste. Ukaja umeshikwa kiwiko na Ingabire, ukanyoosha kikapu, na mutu wa kupokea alikuwa yeye.

Najua nilichofanya. Nilitoka kwa upande ya wanawake, nikakamata kikapu. Ingabire hakuachilia. Tukavutana mpaka ikapasuka, viazi zikaviringika mpaka kwa viatu vya wakubwa wa serikali ya sekta. Nilikuwa nalia, ni hasira tu ilikuwa inanitoka kwa macho. Nilitaka uniambie kitu. Hata matusi.

Ulinishika mukono, ukauliza kwa sauti, kila mutu akasikia: "Wewe ni nani? Unataka nini kwangu?"

Nilikuwa karibu na uso yako, Baba, kama mutu anayepokea komunio. Ukaniuliza mi ni nani.

Umenikana. Hii ni barua ya mwisho. Shamba muikule wawili.

Verediane


Mudende, 9 Agosti 2025

Binti yangu,

Sikukukana. Sikukuona.

Nilikuandikia kuwa macho yameharibika, nikadhani umeelewa. Niliona kitu cha manjano kinatikisika mbele yangu, basi. Sikujua kuwa ni mushanana ya Consolata. Sauti yako nilikuwa naingoja tangu asubuhi. Ile ya kufoka naijua hata ikipita ukutani. Iliyonifikia ilikuwa ya mtu mzima anayelia, na wewe sijakusikia ukilia tangu ukiwa na miaka kumi. Sikuijua.

Ingabire ndiye aliyeniambia, tukiwa njiani: "Mzee, yule alikuwa binti yako." Nikamwambia turudi upesi. Tulipofika uwanjani ulikuwa umeshapanda moto.

Lakini usidhani nimekusamehe. Mavuno hayamwagwi chini mbele ya watu, hata ukiwa na haki kiasi gani. Watoto waliokota viazi vyangu wakicheka. Ingabire ufito wa kikapu umemchana kiganja, anakamua kwa mkono mmoja. Amekataa kuandika kuwa anaumwa, nimemlazimisha.

Kuhusu koleo, nimesikia.

Baba yako,
Vénuste


Gisenyi, 14 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo.

Tarehe 26 mwezi huu uko na nafasi kwa muganga wa macho. Mi ndiye nilisimama kwa mustari kuipata. Watakuona, na kama inawezekana watakupasua jicho moja kwanza. Latif atafika kwako saa kumi na mbili ya asubuhi na gari ya kaka yake.

Mi sitakuja. Tukikaa mu gari moja tutagombana mbele ya kufika Mahoko, na najua mi ndiye nitaanza. Bado nina hasira. Kila nikivaa viatu vya siku ile naisikia ile swali yako.

Usiandike kukataa. Ukikataa gari, umekataa macho.

Nimetuma dawa ya kupaka kwa mukono ya Ingabire. Si samahani. Ni dawa.

Binti yako,
Verediane


Mudende, 12 Septemba 2025

Verediane,

Marahaba. Hali yangu ni nzuri kuliko ninavyopenda kukiri. Mwandiko huu ni wangu. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue jicho la pili bado lina moshi wake.

Latif alifika kabla ya saa. Nilimwacha nje makusudi, nikajifanya natafuta kofia. Hakupiga honi. Njiani nilimgeuzia kisogo kwa kiburi. Kwenye mashimo alikwenda taratibu kama amebeba mayai.

Hospitalini muuguzi alileta karatasi akasema lazima mtu wa familia atie sahihi ndipo wanipasue. Latif akaichukua. Nikasikia kalamu imesimama. Akaniuliza, "Mzee, hapa wanataka niseme mi ni nani kwako. Niandike nini?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejiandaa kuambiwa atoke nje.

Nikasema, "Andika mtoto."

Neno lenyewe ni fupi, lakini kalamu ilikwaruza karatasi muda mrefu.

Walipofungua bandeji, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wake. Ana mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba ana mvi. Nilimwambia kuhusu koleo, maneno machache, hayo ni yangu na yake. Akikueleza, sawa. Asipokueleza, usimchokoze.

Na wewe usidhani yamekwisha. Bado nakukasirikia kwa kikapu, na utakuja kumwomba Ingabire samahani kwa mdomo wako, dawa haitoshi. Jana nilikwenda ofisi ya sekta. Ingabire nimemwandikia nusu yake ya shamba. Nilitoa neno na silirudishi. Ukitaka kunishitaki, nishitaki. Nusu ya upande wa barabara nimeiandika yako. Karani akauliza, "Jina moja au mawili?" Nikasema mawili. Akaandika Latif kwa t mbili. Nikaliona kosa kwa jicho langu hili moja, nikamwambia afute aandike upya.

Baba yenu,
Vénuste