Kwa Desrick Pinnock, Aliyeimba "Koti la Ionie"

Mwaka umetimia sasa tangu ufunge mdomo, Desrick, na mtaa wetu mzima wa Waterhouse umepata kupumua.

Wema ulikuwa nao, sikunyimi. Kila Ijumaa Kuu uliwagawia watoto wa jirani mkate na jibini kabla ya wako. Chai ya mnanaa uliniletea kitandani, na sukari hukunibania. Kufua hukufua, lakini kuimba uliimba.

Mdundo wa Gungo ulipotoka, muziki mtupu usio na maneno, waimbaji wa Kingston walipanga foleni studio, kila mmoja aimbe maneno yake juu ya mdundo huohuo. Sister Verna alimwimba mama yake. Tenor Bagga akaililia baiskeli yake iliyoibwa. Wewe, kati ya mambo yote ya dunia, ukaniimba mimi mkeo, eti Ionie amekuvisha koti. Koti! Yaani mtoto nimekubambikia. Na mtoto mwenyewe ni Tamoya, damu yako, wakati huo bado ananyonya.

Nilipokuuliza ulicheka. "Si mzaha tu, mama? Watu wanataka kucheka. Mimi mwenyewe najua ni wangu."

Jikoni ulijua. Kwenye maikrofoni hukujua hata siku moja. Nilikuomba uuimbie tena mdundo uleule, useme ukweli. Ukasema wimbo uliopendwa haurekebishwi. Shetani wewe. Mtoto akaitwa Koti shuleni, akaitwa Koti kanisani, na siku ya harusi yake walevi waliuimba getini.

Jumapili iliyopita tulikujengea kaburi la saruji, na watu wakaja kula na kucheza, kama desturi yetu mwaka ukitimia. Fitzroy, mpiga santuri wako, alileta spika akitaka kukuenzi kwa wimbo huohuo. Tamoya akamwambia kwa adabu, "Anko Fitz, geuza upande wa pili."

Upande wa pili wa santuri hauna mwimbaji, ni mdundo uleule, ngoma na besi tupu. Mwanao akachukua maikrofoni, yeye ambaye hajawahi kuimba nje ya bafu. Akajitaja jina, akakutaja wewe, kisha akakuchana: ulivyokuwa mwoga, ulivyomuuza mwanao upate makofi. Na sauti, Desrick, ilikuwa yako, ile ya kukwaruza, na kila mwisho wa mstari akaivutia puani kama wewe. Watu wakaacha supu ya mbuzi, wakapiga mabati ya uzio kwa shangwe mpaka Fitzroy akarudisha santuri mwanzo, aimbe tena.

Miss Cutie muuza viazi vikuu, aliyenizomea kwa wimbo wako kila Jumamosi sokoni, alishika kifua. "Bwana wee," akasema, "huyu ni Desrick mtupu."

Sasa hata soko limejua.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Ionie. Dada yako Hyacinth, aliyeuamini wimbo mpaka Jumapili. Wajukuu wako Jevaun na Amoy. Na Tamoya Pinnock, binti yako wa kumzaa, kama fundi alivyoandika kwenye saruji juu ya kichwa chako. Hatutakusahau, Desrick, hata tukitaka.