Ulininyima Jua

Baba,

Nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, ndani ya kile chumba cha mbao ulichojenga nyuma ya pikapu. Tangu tukuzike ni miezi miwili. Mama huko Thika anakula kidogo na kulala sana. Alisema pikapu iuzwe, nikaitoa chini ya mparachichi ulipoiacha, nikaileta hapa Ruiru. Mnunuzi akaingia ndani, akabonyeza swichi ya taa. Hakuna kitu. Akacheka. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Unajua kwa nini nilishikwa na aibu. Sola hiyo niliifunga mimi: paneli juu ya paa, na betri yake peke yake, isiguse ile ya kuwasha gari. Ulitaka mwanga wa kutengenezea watu cherehani jioni, siku zile ulizolala kazini Gatuanyaga, uani kwa Mama Ndunge. Mwezi haukuisha, ukanijia dukani ninapochajia watu betri, ukasema mbele ya wateja, "Shiru, hizi taa zako zinakufa saa mbili. Na si ulisomea hii kitu?" Nikakujibu utafute fundi mwingine. Ukavaa kofia, ukaenda. Sikuongea nawe tena, na hilo linanichosha kuliko kazi yoyote.

Basi nikaiingiza pikapu bandani, nikafungua kila kitu. Fyuzi nzima. Waya mzima. Siku mbili, Baba, nikitafuta kosa langu, karibu nitamani nilipate ili nijue nilikukosea wapi. Siku ya tatu nikashindwa, nikaisukuma nje uani ikae tu. Jioni nikajaribu swichi. Taa zikawaka, na zikakaa.

Ndipo nikakukumbuka ukiegesha. Wewe na kivuli! Hata kanisani ulizunguka mara tatu ukitafuta mti, eti rangi isichomeke na kiti kisikuunguze. Ukaichukua sola yangu, ukaiweka kutwa nzima chini ya mgunga wa Mama Ndunge. Nilicheka peke yangu hadi nikalia. Na mimi sikukuambia kwamba paneli inataka jua. Niliona ni jambo la wazi, kila mtu analijua.

Jana nilienda kwa Mama Ndunge kuchukua vifaa vyako. Ule mgunga umekatwa matawi upande mmoja. Nikamuuliza ni nani.

"Si ni babako! Alipanda na panga, mzee mzima, hiyo wiki alituacha. Akaniambia, 'Msichana wangu hakukosea. Ni mimi nilimnyima jua.'"

Yaani badala ya kusogeza gari, ukakata mti. Ni wewe kabisa. Lakini ulikuwa umejua, Baba. Ungepitia Ruiru, hata dakika tano, ningekupikia chai. Nakasirika nawe, halafu nakumbuka kwamba hata mimi njia ya Thika ninaijua.

Mnunuzi nimemwambia asirudi. Mama amenuna, ila amelifua blanketi lako na kunipa. Jumamosi naenda Gatuanyaga. Kuna cherehani tatu zinakungoja, na bisibisi ni wewe uliyenifundisha kuishika. Pikapu nitaiegesha juani, nakuahidi. Mimi nitakaa chini ya yale matawi uliyoyabakisha.

Pumzika, Baba. Hatuna ugomvi tena.

Shiru wako